Asimamaye Hasimami

Pikipiki ni mpya, bado ina harufu ya duka, na kazi ya kwanza anayoifanya mwenyewe ni kuikata. Anachukua futi, anapima usukani, anaweka alama kwa kalamu pande zote mbili, kisha anashika msumeno wa chuma. Usukani wa pikipiki ya mashindano hutoka kiwandani na upana wa karibu sentimita 80. Akimaliza zimebaki kama 75. Anapiga tupa ncha zilizokatwa, anarudisha raba za mikono, anazifunga kwa waya mwembamba ili zisizunguke zikilowa. Vipande viwili vya bomba vinabaki sakafuni, kila kimoja kifupi kuliko kidole cha shahada.

Sababu iko msituni. Katika vilima vya West Virginia na Ohio mialoni haikuota kwa kumfikiria mpita njia. Mingine imesimama karibukaribu kiasi kwamba pikipiki hupenya kwa upana wa vidole tu. Ncha ya usukani ikigusa gome, gurudumu la mbele hupinda lenyewe kuelekea kwenye mti, na mwendeshaji anaendelea na safari bila pikipiki. Lakini usukani uliokatwa kupita kiasi nao una adhabu yake: mikono inakosa nguvu ya kulishikilia gurudumu kwenye mawe. Kwa hiyo zile sentimita mbili na nusu za kila upande hazikukisiwa. Zimepimwa kati ya miti asiyoijua na mabega yake anayoyajua.

Mbio zinazomngoja zinaitwa GNCC, kifupi cha Grand National Cross Country, mashindano mashuhuri kuliko yote ya pikipiki msituni nchini Marekani. Chimbuko lake ni mji mdogo wa Davis, West Virginia, ambako mwaka 1975 Dave Coombs alianzisha mbio za maili 100 zilizoitwa Blackwater 100. Ziliwapitisha watu mtoni na kwenye vinamasi hadi zikapata sifa ya kuwa mbio ngumu kupita zote katika nchi ile. Siku hizi msimu huanzia kusini wakati kaskazini bado kuna theluji, kwenye mchanga wa Florida na udongo mwekundu wa Georgia, ukapanda hadi mawe ya Snowshoe huko West Virginia, ukaishia Crawfordsville, Indiana, mwezi wa kumi, majani yakiwa yameanza kudondoka. Mzunguko mmoja una kilomita kama 13 hadi 20 za miti, vijito, magogo na vilima. Mabingwa huuzunguka tena na tena kwa muda wa saa tatu. Wasio mabingwa, ambao ndio wengi, wavulana, wazee wenye mvi, akina mama na mabinti, hupangwa kwa madaraja ya umri na uwezo, na wengi wao hukimbia kwa muda mfupi zaidi.

Nilipoanza kuzitazama mbio hizi kwenye skrini, nilikuwa natafuta kasi. Niliangalia nani anapita kwa kishindo, nani anaruka juu, nani anatupa tope mbali. Nilikuwa nakosea kila mara. Niliowachagua hawakuwa wanashinda.

Fanya hesabu. Kuanguka kudogo, kule kwa kuteleza tu na kuilaza pikipiki ubavuni, kunamla mtu sekunde ishirini mpaka thelathini: ainuke, aiinue, aiwashe, arudi kwenye mwendo wake. Akianguka hivyo mara kumi ndani ya saa tatu, na mara kumi si nyingi, amepoteza dakika tatu hadi tano. Dakika hizo hazirudi kwa kuvuta mafuta zaidi, kwa sababu kuvuta mafuta zaidi ndiko kulikomwangusha. Mbio za msituni zina mshindi mmoja tu wa kweli, naye ni yule aliyesimama mara chache kuliko wenzake.

Aliyewahi kupakiwa kwenye bodaboda wakati wa masika, kwenye njia ya udongo ya Lushoto au Rungwe, ameshauona ufundi huu. Dereva mzuri hana makeke. Anapunguza kabla ya tope, anaingia na gia moja, mkono wake wa kulia hautikisiki, na abiria anashtukia yuko ng'ambo. Dereva mbaya anaingia kwa mbwembwe, anakumbuka katikati kwamba kuna tope, anafunga mafuta, na hapo ndipo abiria anaposhuka kusukuma. Kule Marekani tofauti ya madereva hao wawili imerefushwa ikawa saa tatu, na watu wameifanya kuwa taaluma.

Sehemu kubwa ya taaluma hiyo hufanyika gereji, siku ambazo hakuna anayetazama.

Tuanze na chujio la hewa. Ni sponji tu, lakini injini ya pikipiki ya mashindano huvuta hewa kwa ulafi, na vumbi likipita huisaga pistoni kama mchanga unavyosaga jino. Mwendeshaji makini huwa na machujio matatu au manne yaliyosafishwa, yakalowekwa oili maalumu inayonata, yakakamuliwa, yakafungiwa kwenye mifuko. Anapolifunga moja anapaka grisi kwenye ukingo wake ili vumbi lisipate mlango. Kazi hii inachafua mikono, haionekani na mtu, na haina sifa. Ndiyo maana ukitaka kumjua mtu wa msituni, usimwulize ameshinda mara ngapi. Fungua kiti cha pikipiki yake, uangalie sponji.

Kisha tairi. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, kubwa, ili lipande juu ya mizizi badala ya kuangukia katikati yake. La nyuma ni la inchi 18, ilhali pikipiki za viwanja vya motokrosi hutumia 19. Inchi hiyo moja iliyopungua kwenye rimu inarudishwa kwenye tairi: ukuta wa mpira unakuwa mrefu zaidi, unabonyea kwenye jiwe na kulikumbatia badala ya kulirukia. Upepo nao unapunguzwa hadi PSI 12 au 13, chini sana ya ule wa pikipiki ya barabarani, na kwenye mizizi iliyolowa wengine hushuka chini ya hapo. Tairi yenye upepo kidogo hivyo inaweza kuzunguka peke yake juu ya rimu na kuing'oa tyubu, kwa hiyo ndani hufungwa kibano kinachoishikilia. Wapo walioachana kabisa na upepo: badala ya tyubu huingiza duara la povu zito, lisilojua pancha ni nini. Kuliingiza kunahitaji mafuta ya kutelezesha, magoti, na maneno ambayo hayaandikwi gazetini.

Ustadi wa tairi una historia yake. Mwaka 1913, huko Carlisle, Uingereza, yalianza majaribio ya siku sita ya pikipiki ambayo bado yanafanyika kila mwaka katika nchi mbalimbali. Sheria yake iliyowafunza watu wengi adabu ni hii: hakuna fundi anayeruhusiwa kukutengenezea pikipiki. Unaiendesha wewe, unaitengeneza wewe. Jioni, ukiwa umechoka, unapiga magoti mwenyewe na kubadilisha tairi kwa dakika chache ulizobakiwa nazo, watu wakikutazama. Hata mwigizaji Steve McQueen alipokwenda kushindana Erfurt, Ujerumani Mashariki, mwaka 1964, umaarufu wake haukumpatia msaidizi. Anayejua kwamba atakifungua kitu kwa mikono yake, gizani na amechoka, hukifunga vizuri tangu mwanzo.

Baada ya hapo ni mlolongo wa mambo madogo. Spoku zinagongwa moja moja kwa spana ndogo, na sikio linasikiliza ipi imelegea. Cheni inalegezwa kidogo kuliko akili inavyoshauri, kwa sababu shokamzoba likibonyea gurudumu husogea na cheni iliyokazwa hukatika. Shokamzoba lenyewe linapimwa mwenye pikipiki akiwa amekaa juu yake na buti zake, helmeti yake na maji yake mgongoni: nyuma inapaswa kushuka kama sentimita kumi. Ikishuka zaidi, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mzembe. Ikishuka pungufu, gurudumu la nyuma linarukaruka. Rejeta zinavishwa vyuma, tumbo la injini linafungiwa bamba, mikono inawekewa vikinga. Halafu kwenye kila upenyo ambao tope lingeweza kujibana, nyuma ya bamba na karibu na vikanyagio, anapachika vipande vya sponji. Tope ni mzigo. Pikipiki iliyoanza ikiwa nyepesi inaweza kumaliza mzunguko wa kwanza imebeba kilo nyingi za ardhi ya mtu mwingine.

Kuhusu uzito kuna mtu mmoja ambaye simulizi ya mbio hizi haiwezi kumruka. John Penton alikuwa mtoto wa shamba wa Amherst, Ohio, muuza pikipiki, na mwenye uvumilivu wa ajabu: mwaka 1959 alitoka New York hadi Los Angeles kwa pikipiki ya BMW kwa saa 52 na dakika 11. Zama hizo Wamarekani waliingia msituni na pikipiki nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya lami, wakashindana nazo mieleka kutwa nzima. Hata katika Jack Pine, mbio za kale za Michigan ambazo mshindi wake hupewa kengele ya ng'ombe, nguvu za mwili zilikuwa nusu ya kazi.  Penton akaona kwamba kila kilo isiyo ya lazima itakuja kuinuliwa na mtu, na mtu huyo ni yeye.

Mwaka 1967 alikwenda Mattighofen, Austria, kwenye kiwanda kilichokuwa hakijulikani sana kiitwacho KTM, akawashawishi wamtengenezee pikipiki ndogo, nyepesi, yenye injini ya Sachs, iliyofikiriwa kwa ajili ya msitu tangu skrubu ya kwanza. Mwaka uliofuata zikafika Marekani zikiwa na jina lake ubavuni. Watu walizicheka kwa udogo wake, kisha wakaanza kuzinunua. Leo KTM ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya pikipiki za msituni, na bingwa aliyeitawala GNCC kuliko wote, Kaillub Russell, aliyetwaa ubingwa mara nane mfululizo kuanzia 2013 hadi 2020, aliupata juu ya pikipiki hizo.

Ungeweza kudhani basi kwamba suala limekwisha: wepesi ndio siri. Kisha akaja Scott Summers. Katika miaka ya 1990 alitwaa ubingwa huohuo mara tano, na pikipiki iliyompa jina ni Honda XR600R, jitu la zaidi ya kilo 120 ambalo wengi waliliona linafaa jangwani. Summers alikuwa na mwili wa kulihimili, lakini nguvu peke yake haimvushi mtu saa tatu. Alilijua jitu lake. Injini ile kubwa ilivuta taratibu na bila kushtuka, na yeye akajifunza kuuachia uzito ufanye kazi: ukishaanza kwenda, hauyumbishwi na kila mzizi. Penton aliupunguza uzito, Summers aliutumikisha. Wote wawili walikuwa wamekaa nao kwa muda mrefu kuliko wapinzani wao.

Sasa tumwangalie akiwa juu ya pikipiki.

Kiswahili kimebahatika kuwa na neno moja kwa mambo mawili ambayo mwalimu wa mbio hizi angehitaji dakika nzima kuyaunganisha. Kusimama ni kukoma, na kusimama ni kuwa wima. Anayetaka asisimame, asimame. Mwendeshaji wa msituni husimama juu ya vikanyagio karibu muda wote, magoti yamekunjwa kidogo, kiuno kimerudi nyuma, kifua kimeinama, viwiko vimetoka nje kama mtu anayepenya kwenye umati. Akikaa, kila shimo linalopigwa na gurudumu la nyuma linapanda hadi kwenye uti wa mgongo wake, na uzito wake wote unakuwa umefungwa kwenye kiti. Akisimama, pikipiki inacheza chini yake, inaruka, inayumba, inarudi, na kichwa chake kinakwenda kwenye mstari mmoja kama ndoo ya maji kichwani mwa mama anayetoka kisimani.

Anashikilia kwa magoti. Hili ndilo kosa la kwanza la mgeni: anaukaba usukani kana kwamba utamtoroka. Baada ya nusu saa mikono yake ya mbele inavimba kwa ndani, inakuwa migumu kama gogo, vidole vinakataa kufunga. Mjuzi huibana pikipiki kwa magoti na vifundo vya miguu, na mikono inabaki milegevu, ya kuongoza tu. Kidole kimoja cha kushoto hukaa juu ya liva ya klachi wakati wote. Kimoja cha kulia hukaa kwenye breki ya mbele. Kile cha kushoto ndicho chenye elimu kubwa. Njia inapobana na mwendo kupungua, hakibadilishi gia. Kinabonyeza klachi kiasi cha unene wa sarafu, kinaachia, kinabonyeza tena. Injini haizimi na gurudumu halishtuki. Ukisikiliza vizuri, muungurumo unapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala.

Macho yanafanya kazi iliyobaki, nayo ni ngumu kuliko zote kwa sababu inapingana na woga. Mti ulio mbele yako unataka uutazame. Ukiutazama utaugonga, mwili hufuata jicho bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo anajizoeza kutazama nafasi, si miti. Tena hatazami nafasi hii aliyofika, kwani imeshapita. Anatazama ya tatu au ya nne mbele, na hizi za karibu zinapitwa na kumbukumbu ya sekunde mbili zilizopita. Mwaka 2005 na 2006 ubingwa wa GNCC ulichukuliwa na Juha Salminen, mgeni kutoka Finland, na miwili iliyofuata ukachukuliwa na David Knight wa Isle of Man. Hawakuwa wamekulia kwenye misitu ya Marekani. Macho waliyokuja nayo kutoka mbio za enduro za Ulaya yalitosha.

Kila kikwazo kina adabu yake. Mzizi uliolowa ni sabuni. Anaupanda ukiwa umekatiza mbele yake, kamwe si kwa mshazari, na anapokuwa juu yake hafanyi lolote: havuti mafuta, hashiki breki, hageuzi. Kazi moja imefanyika kabla, nyingine itafanyika baada. Gogo nalo hupewa pembe hiyohiyo. Anakaribia taratibu amesimama, anabonyea kidogo, na kwa mvuto mfupi wa mafuta na klachi gurudumu la mbele linanyanyuka likatua karibu na kilele cha gogo. Hapo hapo anafunga mafuta na kusogeza mwili mbele. Wengi huharibu wakati huu. Wanaendelea kuvuta, gurudumu la nyuma linaligusa gogo likiwa linazunguka, linateleza pembeni, na mtu anajikuta amelala sambamba na gogo lake. Aliyefunga mafuta huliacha gurudumu la nyuma lijiviringishe lenyewe, kimya.

Mitaro inayochimbwa na matairi ya waliotangulia hupendwa na wachache. Mtu hutamani kutazama chini ndani yake, na akitazama chini anaanguka. Dawa ni kuchagua mtaro mapema, kuingia bila shaka, kuinua macho hadi unapoishia, na kushika mwendo mmoja. Kubadilisha nia katikati ya mtaro hakuwezekani. Kwenye kilima, mwendo hutafutwa chini, sio katikati. Aliyekwama nusu ya mlima na kuendelea kuvuta mafuta anachimba kaburi la tairi lake. Mwenye hekima anageuza pikipiki mapema, anashuka, anaanza upya kwa njia nyingine, na mara nyingi anawapita watano waliobaki palepale wakitupiana tope.

Kijito husomwa kabla ya kuingiwa. Maji yanayopiga viwimbi yanapita juu ya mawe, hayana kina. Yaliyotulia kama kioo yana jambo yanaloficha. Na ikitokea pikipiki ikanywa maji, kanuni ni moja: usiiwashe. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikilazimishwa kuyabana, kitakachopinda ni chuma. Anaitoa plagi, anaipindua pikipiki miguu juu, anayatoa maji kwa kuisukuma injini bila moto, kisha anarudisha plagi. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwenye ukingo wa mto huku wenzake wakipita kwa makumi. Hakuwatazama hata mmoja. Alifanya kama anayepika chai.

Kuhusu mwanzo wa mbio kuna mzaha wa kikatili. Safu inapangwa, na injini zote zimezimwa. Kwa sekunde chache uwanja wenye mamia ya pikipiki unakuwa kimya hivi kwamba unasikia bendera. Kisha inashushwa, na kila mtu wa safu hiyo anawasha na kukimbilia kona ya kwanza. Wa mbele anaona njia. Wa nyuma anaona vumbi, au anakula tope. Ndiyo maana wengi hutumia nguvu za saa tatu katika dakika kumi za mwanzo. Moyo unadunda, mikono inakaba, pumzi inasahaulika. Wazoefu wana tabia ndogo ya kujikagua: kwenye kila sehemu iliyonyooka wanalegeza vidole kimoja kimoja, wanavuta pumzi hadi tumboni, wanakunywa mafunda mawili kwenye mrija unaotoka kwenye mfuko wa mgongoni. Kunywa hakusubiri kiu. Kiu ikifika, saa imeshapotea.

Mzunguko wa kwanza ni wa kusoma. Wa pili ni wa kusahihisha, kwa sababu njia imebadilika: mamia ya matairi yamepita, mzizi uliokuwa umefunikwa sasa uko wazi, tope lililokuwa la kifundo limekuwa la goti. Wengi huendelea kufuata njia kuu kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mwenye jicho anatafuta kando, ndani ya mipaka ya alama, mahali ambapo majani makavu bado yamelala hayajakanyagwa. Chini ya majani hayo kuna ardhi yenye mshiko. Kwenye kujaza mafuta anaingia, mtu wake ana kopo tayari, anabadilisha miwani iliyochafuka na glavu zilizolowa, anaondoka. Hakuna mazungumzo. Yote yameshazungumzwa nyumbani.

Nikitazama siku hizi, natafuta kitu kingine. Kamera ikiwekwa mahali pabaya, kwenye mlima wa mawe au tope refu, nawangoja wa katikati kwanza. Hao ni burudani: injini zinalia, magurudumu yanazunguka bure, miguu inachomoka pande zote kama ya bata anayetua. Kisha anapita anayeongoza, na kwa mara ya kwanza unadhani anachelewa. Hakuna kelele. Miguu yake iko juu ya vikanyagio. Pikipiki inapanda kama kitu kinachovutwa kwa kamba, inavuka, inapotelea kwenye miti. Inabidi uangalie saa ili uamini kwamba huyo ndiye mwepesi kuliko wote. Kazi iliyomchukua miaka imefanana na kutofanya kazi, na hilo ndilo linalonirudisha kumtazama, kama ninavyomtazama msukaji mikeka ambaye vidole vyake havionekani kuharakisha na ukili unarefuka.

Jioni umati umeondoka na pikipiki imeoshwa. Haijulikani amekuwa wa ngapi. Kwa alivyoinama juu ya mashine yake, ingeweza kuwa nafasi ya pili au ya themanini. Analitoa chujio la hewa, analinusa, analiweka kwenye ndoo. Anapitisha kidole kwenye spoku. Akifika kwenye usukani anasita. Kikinga mkono cha kulia ni safi. Cha kushoto kina mkwaruzo, na kwenye ncha ya usukani upande huo, palipokatwa kwa msumeno, limenasa gome la mwaloni, bado bichi, la rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Analibandua kwa ukucha na kulitazama kwenye kiganja. Anajaribu kukumbuka mti gani, mzunguko wa ngapi, na kwa nini upande huu tu.

Kisha anafungua sanduku la vifaa na kuchukua futi.